Kuhamisha injini ya EFI kwenda kabureta: mwongozo kamili kwa HiAce ya 1RZ-E na ndugu zake

HiAce ikilala nje Kampala inaweza kuamka bila kontrol boksi, ile kompyuta ya EFI inayopima petroli ya kupuliziwa injini na kuongoza moto wa plagi. Wezi wanajua ilipo, na asubuhi dereva anapiga starta, injini inazunguka vizuri kabisa lakini haiwaki. Gari nyingine haijaibiwa kitu, ila panya wametafuna waya za nyuma ya injini, au nyaya zimeungwa na mafundi wengi kiasi kwamba hakuna tena anayejua waya upi unakwenda wapi. Hapo ndipo mwenye gari anaambiwa, "Mzee, tutoe hii kompyuta tukuwekee kabureta." Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi. Lakini kazi yenyewe ikifanywa nusunusu, gari linatoka gereji likiwaka, kisha linakunywa petroli, linachemka kwenye mlima, na injini inagonga ndani kila likibeba abiria.

Kabureta yenyewe, inayochanganya petroli na hewa bila kompyuta, ndiyo sehemu rahisi. Gari huharibikia kwenye mambo mawili: presha ya petroli na taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapopiga. Nitakaa zaidi huko.

Kwanza hakikisha unahitaji kuhama

Usifungue bolti hata moja kabla hujajua EFI inaumwa nini. Kwenye Toyota za miaka ya 1990 tafuta kile kiboksi cheusi cha kupimia, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga starta, kisha hesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Kila kundi la mipepeso ni namba ya kosa. Kama kosa ni sensa moja, au pampu iliyokufa, au waya wa athi ulioshika kutu, tengeneza hilo na uachane na kabureta. EFI iliyo nzima inatumia petroli vizuri zaidi, inawaka vizuri zaidi wakati wa baridi, na inajirekebisha yenyewe gari likipanda kutoka Kampala kwenda Kabale.

Pima pia kompresheni ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ugonjwa uko kwenye valvu au ringi, na kabureta haitautibu.

Injini zinazokubali kazi hii bila vita ni zile ambazo kiwanda chenyewe kilizitoa kwa namna zote mbili. 1RZ-E ya HiAce, ile ya cc 1998, ina ndugu yake 1RZ ya kabureta. 2RZ-E ya cc 2438 ina 2RZ. 4A-FE ya Corolla ina 4A-F, na 4Y-E ina 4Y. Kwa hizi, manifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda) na distribyuta (kigawa moto kwa plagi) za kabureta zipo sokoni, na zilitengenezwa kwa ajili ya bloki ileile.

Injini za VVT-i (za valvu zinazoongozwa na kompyuta) kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE ziache. Hazina distribyuta, kila plagi ina koili yake, na moto wote unatoka kwenye kompyuta. Atakayekwambia anaweza, mwombe akuonyeshe moja aliyoifanya na inayotembea bado. Hali ni hiyo kwa gari lenye giaboksi ya otomatiki inayoongozwa na kompyuta: ukitoa kompyuta, gia nazo zimeondoka. Gari la gia za mkono ndilo la kazi hii.

Kununua

Nunua kila kitu kutoka injini moja, kwa pamoja. Ukichukua kabureta kwa huyu, distribyuta kwa yule na manifoldi kwa mwingine, utarudi soko la vipuri la Kisekka kila siku kutafuta bolti na vipande. Seti kamili ni manifoldi ya hewa na kabureta yake juu, distribyuta na igniter yake (kiboksi cha umeme kinachoamuru koili) na koili yake, hausingi ya chujio cha hewa, kebo ya eksileta na kile kibati kinachoishika, na mirija ya vakyumu jinsi ilivyokuwa imechomekwa. Omba uipige picha kabla hawajaitenganisha. Seti hizi zinazidi kuwa adimu: tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza Uganda magari yaliyofikisha miaka 15, injini za kabureta haziji tena ndani ya magari, na nyingi zilizoko sokoni zimetoka kwenye magari yanayochinjwa hapahapa.

Kabureta ya mtumba ikague hivi. Shika ekseli ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga hewa) na uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa itapita pembeni na injini haitatulia kamwe. Ikiwa na petroli ndani, sukuma mkono wa eksileta huku ukichungulia: lazima uone mchirizi wa petroli ukirushwa mara moja, bila kusita. Usipouona, ngozi ya pampu ndogo imechanika. Kisha ifungue, uweke uso wa kifuniko juu ya kioo. Ikiwa kimepinda kwa sababu mtu alikaza bolti kupita kiasi, tafuta nyingine. Nunua na gasketi mpya za kabureta na manifoldi.

Wengine hupenda Weber 32/36, na ni kabureta nzuri, jeti zake (vitundu vya kupimia petroli) zinapatikana kirahisi. Inahitaji bamba la alumini la kuunganisha. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanaweza kulichonga, ila hakikisha nyuso zake mbili zimenyooka na matundu yake hayana ngazi ndani.

Kushusha EFI

Toa waya hasi wa betri. Mfumo wa EFI unabaki na presha hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo funika kiungo cha mrija kwa kitambaa na ukilegeze polepole. Usifanye hivi injini ikiwa ya moto, wala karibu na mtu anayevuta sigara au anayechomelea. Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, na mvuke wa petroli unajikusanya humo. Weka kizimamoto cha unga karibu kabla hujaanza.

Mwaga maji ya rejeta, kisha toa manifoldi ya EFI pamoja na nozeli zake. Nyaya usizikate. Chomoa plagi za waya moja baada ya nyingine, kila moja ifunge karatasi yenye jina. Utazihitaji zile za starta, alteneta, taa ya oili na geji ya joto. Hapa watu hupotea: kuna vipimo viwili vya joto. Cha waya mmoja ni cha geji ya dashibodi, kibaki. Cha waya mbili kilikuwa cha kompyuta, nacho kinaweza kubaki mahali pake kuziba tundu.

Kompyuta, nozeli na waya zake vitie kwenye mfuko umpe mwenye gari. Kesho anaweza kupata kontrol boksi na kutaka kurudi.

Manifoldi

Kabla ya kufunga, shika gasketi mpya juu ya hedi, halafu juu ya manifoldi. Matundu ya hewa na ya maji lazima yalingane pande zote mbili. Kwenye injini nyingine nozeli zimekaa ndani ya hedi yenyewe, na ukizitoa yanabaki matundu manne yanayoingia kwenye njia ya hewa. Yazibe kwa vifuniko vya chuma vyenye oringi na vilivyobanwa kwa bolti. Silikoni peke yake italainika kwa petroli na siku moja itanyonywa ndani.

Manifoldi ya kabureta ina njia ya maji ya moto chini ya kabureta. Iunganishe. Mafundi wengi huizunguka kwa sababu "huku kwetu ni joto". Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na asubuhi ya ukungu kule Kigezi barafu inaweza kujijenga kwenye kipepeo, injini ikaanza kuzimika njiani bila sababu inayoonekana.

Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Petroli: presha ndogo, njia mbili

Pampu ya EFI inasukuma karibu PSI 40. Kabureta inataka PSI 3 hadi 4 tu. Ukiacha pampu ya zamani, sindano ya boya, inayofunga petroli kabureta ikijaa, haiwezi kuizuia: petroli inapanda, inafurika kooni mwa kabureta, inashuka kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha oili na kukinusa, kikanuka petroli, na kiwango kimepanda badala ya kushuka, simamisha kazi. Oili hiyo haifai tena, na injini isiwashwe nayo hata kwa dakika moja.

Njia bora ni pampu isiyo ya umeme, inayoendeshwa na kamshafti, kama injini yako ina mahali pake. Tafuta kibati kilichofungwa kwa bolti mbili, ufungue na uchungulie kama kamshafti ina nundu ya kusukuma pampu. Ikiwepo, umebahatika, kwa sababu injini ikizima pampu nayo inasimama.

Isipokuwepo, weka pampu ya umeme ya presha ndogo. Ifunge nyuma karibu na tangi, chini kuliko petroli ikiwezekana, maana pampu hizi husukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Pampu ya zamani iliyo ndani ya tangi itoe, uweke mrija wenye chujio unaofika chini, kwa sababu pampu iliyokufa inabana njia. Weka chujio kingine kabla ya kabureta. Bomba la kurudisha petroli tangini liendelee kutumika: petroli inayozunguka haipati joto la kugeuka mvuke ndani ya mrija jua likiwa kali.

Sasa umeme wa hiyo pampu. Usiuchukue moja kwa moja kwenye swichi. Gari likipinduka na injini ikazima huku swichi imewashwa, pampu itaendelea kumwaga petroli chini ya viti vya abiria. Tumia rilei (swichi inayovutwa na umeme) ya miguu mitano. Umeme wa swichi, kupitia fyuzi, uingie mguu wa 30, na pampu uichukulie kwenye mguu wa 87a. Mguu wa 86 upewe umeme wa swichi, na wa 85 uunganishwe na waya wa swichi ya taa ya oili. Presha ya oili ikipotea, swichi ile inashika athi, rilei inavuta na pampu inakatika. Kwa ajili ya kujaza kabureta iliyokauka, weka kitufe cha kubonyeza, kama cha honi, kinachopeleka umeme kwenye pampu kidole kikiwa juu yake tu. Ukimaliza, washa swichi bila kuwasha injini: pampu ikinguruma, umekosea miguu.

Moto: hapa ndipo injini hupona au hufa

Kwenye EFI, kompyuta ndiyo inayoamua plagi ipige lini. Injini ikienda kasi, moto unatangulia zaidi. Ikibeba mzigo, unarudi nyuma. Distribyuta ya EFI kwa kawaida haina chombo cha kufanya hivyo. Inatuma habari kwa kompyuta na kugawa moto, basi. Igniter yake nayo inasubiri amri ya kompyuta. Fundi akiilazimisha kwa njia za kuunga waya, moto unabaki mahali pamoja kwa kila mwendo. Akiuweka nyuma ili starta isirudishe, gari halina nguvu na ekzosi inawaka nyekundu. Akiuweka mbele ili lipate nguvu, linagonga kwenye mlima hadi pistoni inatoboka.

Kwa hiyo lazima uwe na distribyuta ya kabureta. Kuitambua ni rahisi hata sokoni. Pembeni yake kuna kibakuli cha bati chenye mrija wa vakyumu. Fungua kifuniko, shika rota, uizungushe kwa vidole kuelekea upande inakozunguka: inasogea kidogo na ukiachia springi inairudisha. Hiyo ina vidude vya uzito ndani na viko hai. Isiposogea, imeganda kwa kutu. Ikisogea isirudi, springi imekatika. Nyonya mrija wa kibakuli kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi: bamba la ndani lisogee na libaki pale. Likirudi polepole, ngozi imetoboka.

Pima kwa fila geji nafasi kati ya meno ya rota ya sumaku na kipokezi chake. Kwenye distribyuta nyingi za Toyota ni milimita 0.2 hadi 0.4. Koili na igniter viwe vya seti moja, vipate volti 12 kutoka swichi, na igniter ifungwe kwenye bati safi kwa sababu inahitaji athi na pa kutolea joto.

Kuifunga: toa plagi ya silinda namba 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha krankshafti kwa spana upande inakozunguka kawaida. Upepo ukisukuma kidole, endelea polepole hadi alama ya puli ifike sifuri. Sasa ingiza distribyuta ili rota itazame mguu wa namba 1 wa kifuniko. Ukizungusha bila kusikia upepo ukakuta alama iko sifuri, huenda uko kwenye mzunguko wa ekzosi, na injini itapiga ndani ya kabureta. Mfuatano wa waya ni 1-3-4-2.

Vidogo vinavyosahaulika

Mrija wa breki ndio wa kwanza. Ule mpira mnene unaokwenda kwenye sevo ya breki uchomekwe kwenye manifoldi mpya, na valvu yake ya njia moja ikitazama upande uleule. Jaribu: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali lazima izame kidogo. Isipozama, gari halitoki gereji.

Kebo ya eksileta ifungue kipepeo chote pedali ikifika chini, na kirudi chenyewe kwa springi mbili, siyo moja. Ile selonoidi ndogo kwenye kabureta, valvu ya umeme inayopitisha petroli ya mwendo wa chini, inahitaji umeme wa swichi. Bila huo, injini inawaka ukikanyaga na kuzima ukiachia, na watu hubadilisha kabureta nzima kwa sababu ya waya mmoja. Choki ya umeme nayo ipewe umeme wa swichi.

Chujio cha hewa kifungwe kabla ya kuwasha, hata kwa majaribio. Kabureta ikipiga nyuma, moto unatoka juu.

Kuwasha na kurekebisha

Jaza petroli, kagua kila kiungo kwa kidole kikavu, halafu washa. Tazama kidirisha cha kioo kwenye kabureta za Toyota: petroli isimame katikati. Ikipanda juu, boya au sindano ina tatizo au presha ni kubwa.

Injini ikipata moto na choki ikifunguka yote, chomoa mrija wa vakyumu wa distribyuta na uuzibe, ushushe mwendo hadi mizunguko 800 hivi kwa dakika, kisha upime kwa taa ya taimingi. Tumia namba ya injini ya kabureta, siyo ile iliyobandikwa kwa ajili ya EFI. Kama huna pa kuipata, anza kati ya nyuzi 5 na 10 kabla pistoni haijafika juu, ukiishia chini kwa usalama. Rudisha mrija.

Skrubu ya mchanganyiko iingize taratibu hadi iguse, bila kuikaza, kisha irudishe mizunguko miwili. Kutoka hapo itafute sehemu injini inaponguruma kwa kasi na utulivu zaidi, shusha mwendo kwa skrubu ya mwendo, urudie. Ukitumia geji ya vakyumu, kumbuka vitabu vimeandikwa kwa watu wa pwani. Wanasema inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini geji inashuka karibu inchi 1 kwa kila mita 300. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo 14 au 15 iliyotulia ni nzuri. Injini nyingi nzima zimefunguliwa ringi kwa sababu ya kipimo hicho.

Kimo hicho kinahusu jeti pia. Hewa ya mita 1,200 ni nyepesi kwa asilimia 11 hivi kuliko ya pwani, na kabureta haijui. Mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi, kwa karibu asilimia 6. Kwenye Weber, jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30, na kwa Kampala ungeanza na 125 au 127. Kwa gari linaloshinda Kabale na Kisoro, shuka hatua nyingine. Usitoboe jeti kwa sindano wala kuiziba kwa risasi ukaitoboa upya. Inunue.

Kama injini haitulii, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta. Sauti ikibadilika, hewa inaingia hapo.

Kisha peleka barabarani, ukiwa na mzigo, kwenye mlima. Ikigonga, rudisha moto nyuma nyuzi 2 ujaribu tena. Baada ya mwendo wa kutosha, zima gari ukiwa bado unakimbia kwa kasi ya kawaida na klachi imekanyagwa, mahali barabara ni tupu na imenyooka, ila usirudishe ufunguo hadi usukani kufunga, na jua kwamba breki na usukani vitakuwa vizito. Simama pembeni utoe plagi. Rangi ya kahawia iliyofifia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ina maana petroli ni nyingi, ongeza hewa au punguza jeti. Nyeupe kama chokaa ina maana petroli ni chache, na hiyo usiiache hata siku moja.

Katalisti (kisafisha moshi), kama bado ipo kwenye ekzosi, haivumilii mchanganyiko mzito wa kabureta. Inaweza kuwaka nyekundu chini ya sakafu au kuziba. Itazame kila siku ya wiki ya kwanza, na siku hizohizo kaza upya bolti za manifoldi injini ikiwa imepoa, kwa kuwa gasketi mpya hulala ikishapata moto.